Masuke ya Ruthu: Kanisa na Familia za Wahamiaji wa Kilatino



Katika Kitabu cha Ruthu tunakutana na mjane Mmoabu aliyeingia Bethlehemu pamoja na mama mkwe wake Naomi, mikono mitupu, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Torati ilikuwa imekwisha kumwandalia nafasi. Mwenye shamba alikatazwa kuvuna mpaka pembeni kabisa, na masuke yaliyoanguka yalikuwa haki ya maskini na ya mgeni. Boazi akaongeza lake: akawaagiza vijana wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha chini makusudi, tena wasimkaripie mwanamke yule. Tuzingatie jambo moja katika simulizi hilo. Siku ile Boazi hakumpelekea Ruthu gunia mlangoni. Ruthu aliokota kwa mikono yake tangu asubuhi, jioni akayapura aliyookota, akarudi kwa mama mkwe wake na kipimo cha efa moja ya shayiri. Jasho lilikuwa la Ruthu. Shamba ndilo lililokuwa limefunguliwa.

Juma hili tunawaalika mlitafakari fumbo hilo la masuke kwa kuzitazama familia zilizo mbali nasi kwa maili, lakini karibu nasi kwa imani: familia maskini za wahamiaji wa Kilatino nchini Marekani. Walatino ni jina la jumla la watu wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu milioni 62.1, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Wengi wao ni raia waliozaliwa huko huko. Lakini miongoni mwao wamo mamilioni waliovuka mpaka kutafuta riziki, na aghalabu hao ndio wanaochuma mboga na matunda mashambani, wanaoezeka nyumba, wanaosafisha ofisi usiku na kuosha vyombo migahawani. Sehemu kubwa yao ni Wakatoliki, wenye ibada ya dhati kwa Mama Bikira Maria wa Guadalupe. Basi hao ni ndugu zetu wa meza moja.

Huenda mmoja wenu akauliza: paroko anatafuta nini huko, ilhali maskini tunao hapa mlangoni? Tunajibu kwamba swali linaloulizwa juu ya familia hizo ndilo lile lile tunaloulizana kila mara sanduku la matendo ya huruma linapofunguliwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Je, msaada humjenga mtu, au humlemaza? Tena ni nani anayestahili kusaidiwa? Wenzetu wa huko wamelikabili swali hilo kwa miongo mingi, na majibu yao yanaonekana kwa macho. Ni vema tujifunze kwao.

Tarehe 1 Aprili 2014, Kardinali Seán O'Malley, Mkapuchini, aliadhimisha Misa mjini Nogales, Arizona, kandokando ya ua wa chuma unaoitenga Marekani na Meksiko. Waamini wa upande wa pili walipitisha mikono katikati ya nguzo ili wapokee Komunyo Takatifu. Katika mahubiri yake alisimulia jambo lililompata zamani, alipokuwa padre kijana akiongoza kituo cha Kikatoliki cha Walatino mjini Washington. Alijiwa na mtu kutoka El Salvador aliyekuwa akilia kwa kwikwi, mkononi ameshika barua ya mke wake. Mke alimlaumu kwa kuwatelekeza yeye na watoto sita wafe njaa. Mtu yule alikuwa akiosha vyombo katika migahawa miwili, akila mabaki ya sahani ili asitumie fedha, akienda kazini kwa miguu ili asilipe nauli. Kila juma alitia mshahara wake katika bahasha, akabandika stempu, akaidumbukiza katika sanduku la buluu lililokuwa kwenye kona ya mtaa. Padre akachungulia dirishani kulitazama sanduku lile. Halikuwa sanduku la posta. Lilikuwa pipa la taka, lililotengenezwa kwa umbo la kupendeza.

Wapendwa, tulitafakari tukio hilo polepole. Ndani yake hamna uvivu. Mtu yule alifanya kazi kuliko wengi wetu. Hamna ukosefu wa upendo, maana alijinyima hata chakula kwa ajili ya wanawe. Hata fedha zilikuwapo, zilizopatikana kwa njia ya halali. Kilichokosekana ni jirani mmoja tu wa kumwambia: ndugu yangu, hilo silo, posta iko kule. Kwa kukosa neno hilo moja, jasho la miezi lilizolewa na gari la takataka, na ndoa ikakaribia kuvunjika.

Msimamo wetu ni huu. Familia maskini ya mhamiaji, kwa kawaida, haihitaji mtu wa kuibeba. Inahitaji mtu wa karibu wa kuifungulia njia ili juhudi ambayo tayari inayo isipotee bure. Huduma inayofanya hivyo hailemazi. Na huduma iliyo bora zaidi ni ile inayomfanya aliyesaidiwa jana awe msaidizi leo. Tuitazame sasa katika sura zake mbalimbali.

Kwanza, sheria. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, mtu aitwaye notario ni mwanasheria wa ngazi ya juu, mwenye elimu ndefu na heshima kubwa. Nchini Marekani cheo chenye jina linalofanana na hilo ni cha mtu wa kushuhudia sahihi na viapo tu. Hana ruhusa ya kutoa ushauri wa sheria. Matapeli waliiona tofauti hiyo, wakaigeuza kuwa mtego. Wanatundika kibao chenye neno lile lenye heshima, wanapokea akiba ya familia, kisha wanajaza fomu isiyofaa au wanaacha muda upite. Mara nyingine mhamiaji aliyekuwa na haki ya kupata kibali huipoteza haki hiyo kwa sababu ya karatasi iliyojazwa vibaya, akajikuta amesimama mbele ya hakimu akikabiliwa na kurudishwa kwao.

Kanisa halikuishia kusikitika. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria iliyowawezesha watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi nchini humo bila kibali kupata haki ya ukaazi. Kazi ya kuwasaidia watu hao ilionyesha jinsi maskini wanavyohitaji mtu wa kuaminika katika mambo ya hati, na mwaka 1988 maaskofu wakaanzisha mtandao wa Kikatoliki wa huduma za sheria kwa wahamiaji, unaojulikana kwa kifupi kama CLINIC. Tena upo utaratibu wa serikali unaomruhusu hata mtu asiye wakili kumwakilisha mhamiaji, ilimradi amepata mafunzo, amethibitishwa rasmi, na anafanya kazi chini ya shirika linalotambuliwa lisilotafuta faida. Maana yake ni kwamba mtawa, mwalimu mstaafu au mwamini mlei wa kawaida anaweza kujifunza na kusimama kihalali kando ya jirani yake. Huu ni utume wa walei katika maana yake kamili, nasi tunautamani sana.

Pili, fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wahamiaji wa Kilatino mjini Durham, jimbo la North Carolina, walikuwa wakiporwa mara kwa mara. Wezi walijua kwamba watu hao hawana akaunti benki, na kwamba siku ya mshahara hutembea na fedha taslimu mifukoni au huzificha nyumbani. Kituo cha jamii cha Walatino mjini humo kilishirikiana na vyama vya ushirika vilivyokwisha kukomaa, na mwaka 2000 kikazaliwa chama cha akiba na mikopo cha Walatino. Msomaji wetu aliye mwanachama wa SACCOS hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wafanyakazi walizungumza Kihispania, wanachama ndio waliokuwa wenye mali, na mtu aliyekuwa akilala juu ya akiba yake kwa hofu akapata mahali pa kuiweka, na baadaye mkopo wa kununulia nyumba.

Jambo la San Francisco nalo linafundisha. Wameksiko wana desturi waiitayo tanda. Watu wa Guatemala huiita cuchubal. Sisi tunaijua kwa jina la upatu. Kila mmoja hutoa fungu lake, na kila mwezi mmoja hupokea mkupuo. Mama anayecheza upatu kwa uaminifu miaka kumi ni mlipaji mwema kuliko wengi, lakini mbele ya benki za Marekani ni kama hayupo, kwa sababu uaminifu wake haujaandikwa popote. Shirika la Mission Asset Fund, lililoanzishwa mwaka 2007 katika mtaa wa Mission, halikuwaambia akina mama waache upatu wao wajifunze mambo ya kisasa. Liliuheshimu. Liliufanya kuwa mkopo rasmi usio na riba, kisha likapeleka taarifa za malipo yao kwenye kampuni zinazohifadhi kumbukumbu za wakopaji. Uaminifu ule ule wa zamani sasa ukaonekana. Mwanzilishi wake, José Quiñonez, alipewa tuzo ya MacArthur mwaka 2016. Hapo tunaona hekima ya Boazi: hakumfundisha Ruthu namna ya kuokota, alihakikisha tu kwamba kuna cha kuokota.

Tatu, watoto. Mjini Tyler, Texas, uongozi wa shule uliamua kuwatoza watoto wasio na vibali karo ya dola 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wazazi wao vibarua hawakukimudu. Shauri lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1982, katika hukumu ijulikanayo kama Plyler dhidi ya Doe, ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya msingi na sekondari ya umma kwa sababu ya hali ya uhamiaji wake. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo mlango uliofunguliwa kwa sheria wahitaji mtu wa kukushika mkono uupite. Mama asiyejua Kiingereza hupokea barua kutoka shuleni na hawezi kuisoma. Mtoto wa miaka tisa huenda na wazazi wake hospitalini akawatafsirie maneno ya daktari, maneno ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Taratibu heshima ya baba na mama hupungua ndani ya nyumba, kwa kuwa mtoto ndiye anayejua kila kitu.

Shirika la AVANCE, lililoanza kazi mjini San Antonio mwaka 1973, liliuelewa ugonjwa huo. Halikumchukua mtoto na kumwacha mama nje. Liliwaita wote wawili. Katika darasa la wazazi, kwa lugha yao wenyewe, akina mama hujifunza jinsi mtoto mdogo anavyokua, tena hutengeneza kwa mikono yao vitu vya kuchezea, ili mtoto amwone mama yake kuwa mwalimu wake wa kwanza. Mama Kanisa amefundisha daima kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Huduma inayomrudishia mama nafasi yake hiyo ni huduma kwa utu wote wa familia.

Nne, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, ni parokia yenyewe. Mitaa ya magharibi mwa San Antonio ilikaliwa na maskini wenye asili ya Meksiko, baadhi wazaliwa wa hapo, wengine wahamiaji. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji yalijaa barabarani na kuingia majumbani. Mifereji ilikuwa imepangwa kwenye makaratasi ya halmashauri ya mji tangu miaka mingi, lakini haikuchimbwa. Parokia zingeweza kugawa mablanketi baada ya kila mafuriko, na bila shaka ziligawa. Lakini mwaka 1974 Ernesto Cortés, mwenyeji wa mji huo, alianza kuzungukia parokia akiwasikiliza wale waliokuwa tayari wanaaminiwa na wenzao: akina mama wa kamati za shule, wahazini wa sherehe za parokia, wazee wa mitaa. Kikazaliwa chama kiitwacho COPS, chenye msingi wake ndani ya parokia. Wanachama waliyatafuta makaratasi yale, wakaenda kwa mamia mbele ya meya, wakauliza fedha za mifereji zilikwenda wapi. Mwaka ule ule wananchi walipiga kura kukubali mkopo wa mji wa kujenga mifereji.

Askofu Patrick Flores aliwaunga mkono watu hao. Alikuwa mwana wa vibarua wa mashambani, mtoto aliyekatiza masomo kwa ajili ya kazi, na mwaka 1970 akawa askofu wa kwanza wa asili ya Meksiko nchini Marekani. Alijua kwamba blanketi ni tendo la huruma, na mfereji pia ni tendo la huruma, ila mfereji hudumu zaidi.

Mwaka 1990 kiwanda kikubwa cha nguo mjini humo kilifungwa, na zaidi ya wafanyakazi 1,000, wengi wao wanawake wa Kilatino, wakakosa kazi. COPS na chama mwenzake waliunda mpango uitwao Project QUEST, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwanza waliwauliza waajiri ni ujuzi gani wanaouhitaji. Kisha wakawapeleka watu vyuoni kusomea uuguzi na kazi nyingine zenye mshahara wa heshima, wakiwasaidia ada, nauli na malezi ya watoto, na kukutana nao kila juma ili wasikate tamaa. Watafiti waliwafuatilia waliochaguliwa kwa kura kujiunga na wale waliokosa nafasi. Taarifa yao ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika mwaka wa sita waliojiunga walipata zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka kuliko wenzao. Wanaosema kwamba msaada daima hulemaza na waitafakari hesabu hiyo.

Pia tusiwasahau akina mama wa parokia ya Dolores Mission, Boyle Heights, mjini Los Angeles. Padre Gregory Boyle, Mjesuiti, alipokuwa paroko hapo mwaka 1986, alikuta parokia maskini mno, iliyozungukwa na magenge ya vijana. Wanawake wa parokia hiyo walikuwa na jumuiya ndogo ndogo kama zetu. Tukumbuke kwamba jumuiya za namna hiyo zilipewa msukumo na maaskofu wa Amerika ya Kilatini huko Medellín mwaka 1968, na maaskofu wetu wa AMECEA wakazifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji katika mikutano ya mwaka 1973 na 1976. Ni matawi ya mti mmoja. Akina mama wale walisoma Injili na kujiuliza ingewataka wafanye nini kesho asubuhi. Jibu likawa kwamba wahamiaji wasio na makao walale ndani ya kanisa, na wao wawapikie. Jibu likawa kwamba vijana wa magenge watafutiwe shule na kazi, nao wakaandamana hadi kwenye viwanda vya jirani kuziomba. Kutokana na mwanzo huo likatokea tanuri la mikate la mwaka 1992, na hatimaye shirika zima la Homeboy Industries. Maskini hawakungoja watajirike ndipo wasaidie.

Ndugu waamini, hatuna budi kuyasikiliza pia mapingamizi, maana yapo yenye uzito. La kwanza lasema: hao wamevunja sheria ya mpaka, na kuwasaidia ni kubariki uvunjaji. Mafundisho ya Kanisa hayaifuti mipaka. Barua ya kichungaji ya mwaka 2003, iliyotolewa kwa pamoja na maaskofu wa Marekani na wa Meksiko, inakiri haki ya taifa kulinda mipaka yake. Papo hapo inafundisha kwamba mtu ana haki ya kupata riziki katika nchi yake. Anapoikosa, ana haki ya kwenda kuitafuta kwingine ili familia yake iishi. Na hata asiye na kibali hapotezi utu wake. Serikali ina kazi yake ya kupanga nani aingie. Lakini mtoto mwenye homa usiku wa leo hawezi kungoja bunge limalize mjadala.

La pili lasema kwamba wanakula jasho la wengine. Ukweli ni kwamba asiye na kibali hawezi kupata sehemu kubwa ya misaada ya serikali kuu ya huko, kama vile msaada wa chakula au bima ya afya ya maskini, isipokuwa huduma ya dharura. Hata hivyo wengi wao hulipa kodi. Tangu mwaka 1996 ipo namba maalumu ya mlipa kodi kwa ajili ya asiye na namba ya hifadhi ya jamii. Wengine hukatwa michango ya pensheni ambayo hawataipokea kamwe. Katika kisa hiki si rahisi kusema nani anayemlisha nani.

La tatu ni letu sisi watu wa Kanisa, nalo ndilo linalotutia hofu zaidi. Tunapenda kusaidia kwa namna inayotufanya tuonekane. Tunapenda picha ya mgao wa mchele kuliko kazi ya kukaa miezi sita na mtu mmoja tukijaza fomu zake. Tunapenda maskini ashukuru, hatupendi aulize maswali kwenye mkutano. Ruthu hakubaki muokota masuke milele. Aliolewa, akamzaa Obedi, na Obedi ndiye babu ya Mfalme Daudi. Je, tuko tayari mgeni tuliyempa masuke leo aje kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei kesho? Kama hatuko tayari, basi tunatoa sadaka, lakini bado hatujapenda.

Mwaka 2025 jambo hili lilivaa sura ya machozi. Mwezi Januari serikali ya Marekani iliufuta mwongozo uliokuwa ukiwawekea maofisa wa uhamiaji mipaka ya kukamata watu makanisani, shuleni na hospitalini. Hofu ikaingia hadi kwenye mabenchi ya kanisa. Tarehe 8 Julai 2025 Mhashamu Alberto Rojas, Askofu wa San Bernardino, California, ambaye mwenyewe alizaliwa Meksiko, aliwaruhusu waamini wenye hofu ya kukamatwa wasihudhurie Misa ya Dominika. Sisi mapadre tunajua uzito wa tangazo kama hilo. Mchungaji hulitoa akiwa na moyo uliopondeka. Mwezi huo huo jimbo kuu la Los Angeles lilianzisha mpango wa kuwapelekea majumbani, kwa njia ya parokia, chakula na dawa waliokuwa wakiogopa kutoka nje. Na mwezi Novemba maaskofu wa Marekani, wakiwa Baltimore, walitoa ujumbe maalumu kupinga kufukuzwa kwa watu kwa wingi bila kuchagua.

Hapo thamani ya ukaribu ikadhihirika. Mtu anayeogopa hafungui mlango kwa mgeni, hata awe amebeba kapu la chakula. Humfungulia yule anayeijua sauti yake. Imani ya namna hiyo haijengwi siku ya hatari. Hujengwa katika miaka ya kawaida, katika darasa la lugha, katika upatu, katika foleni ya kujaza fomu, katika jumuiya ya Alhamisi jioni. Baba Mtakatifu Leo XIV, mzaliwa wa Chicago aliyetumikia miaka mingi huko Peru, aliwaambia mabalozi mwezi Mei 2025 kwamba yeye ni mzao wa wahamiaji na mwenyewe amewahi kuhama. Kanisa linaongozwa na mtu aliyewahi kuwa mgeni. Na Papa Pius XII, katika hati yake ya mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliitaja Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila familia iliyo uhamishoni. Mtoto Yesu naye alikula ugenini, mikononi mwa watu ambao Injili haikutuachia majina yao.

Basi tunawaachia maswali matatu ya kutafakari katika jumuiya zenu juma hili. Mosi: ni nani katika mtaa wetu anayefanya kazi kwa bidii, lakini jasho lake linapotea kwa kuwa hakuna wa kumwonyesha njia? Inawezekana ni msichana wa kazi asiyejua haki ya mshahara wake, au mkimbizi asiyejua ofisi ya kuandikishia mtoto. Pili: kati yetu ni nani mwenye ujuzi wa sheria, uuguzi, hesabu au lugha, ambaye hatujawahi kumwomba autoe kama sadaka? Tatu: katika wale tuliowasaidia mwaka uliopita, ni wangapi leo wanakaa nasi katika kamati ya kusaidia wengine? Majibu yaletwe kwa mwenyekiti wa jumuiya, kisha kwenye halmashauri ya parokia, tuyajadili kwa ukweli na bila kulaumiana.

Tuwaombee pia ndugu zetu hao walio ughaibuni: baba aliye jikoni mwa mgahawa, mama aliye shambani, mtoto anayetafsiri maneno mazito kuliko umri wake. Mama Bikira Maria wa Guadalupe awafunike kwa joho lake, na atufundishe sisi kuwa majirani wa kweli. Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.